Ng'ombe Aliyekaa kwa Wageni

Mokami wa Genkuru, ambaye wengi wanamfahamu kwa jina la Mama Waitara, si mtu wa maneno mengi. Akimkuta jirani analima matuta yaliyopinda, hupita upande wa pili wa njia. Akimkuta analima vizuri, husimama, akatazama kidogo, kisha akaendelea na safari yake, na jirani huyo akajua kwamba amesifiwa. Hata marehemu mumewe, katika miaka thelathini na mitatu ya ndoa yao, alizoea kuyasoma mawazo yake kwa kuangalia namna anavyoshika sufuria. Ndiyo maana watu walishangaa, mwezi wa nane mwaka jana, kumwona mama huyo wa miaka sitini na minne akiiendea nyumba ya majirani wake wageni mara kwa mara katika wiki moja, tena karibu kila mara akiwa amechukua kitu mkononi.

Habari yenyewe ilianzia mbali.

Mokami alizaliwa Kenyamonta, katika Wilaya ya Serengeti, akaolewa Genkuru akiwa na miaka kumi na tisa. Leo safari hiyo ni ya asubuhi moja kwa pikipiki. Siku zile ilikuwa kama kuhamia nchi nyingine, kwani ukishauvuka Mto Mara, nyumbani kulikuwa kumebaki nyuma kweli kweli. Wanawake wa Genkuru walikicheka Kikurya chake, naye kwa siri alikicheka chao. Mwaka uliofuata alimzaa Waitara. Ulikuwa mwaka mbaya. Ng'ombe wote wa mumewe walikuwa wamechukuliwa na wezi, chakula kilikuwa haba, na maziwa yake mwenyewe yalikauka mtoto akiwa na miezi minne.

Asubuhi moja alikuja bibi mmoja jirani, Waisiko, akiwa anakokota ng'ombe aliyezaa karibuni. Alimfunga kwenye nguzo ya ua, akasema, "Mtoto asilie," akaondoka. Hakusema jambo jingine siku ile, wala siku iliyofuata, wala katika miaka tisa iliyofuata. Walipokutana kisimani alizungumza juu ya mvua. Alipopita mbele ya ua wao hakugeuza hata shingo kutazama zizini.

Mumewe ndiye aliyemfafanulia Mokami mambo hayo kama yalivyoshikwa katika ukoo wao. Ng'ombe ni wa Waisiko, na ndama wake vilevile. Maziwa ni ya mtoto. Aliyetoa hasemi neno, na aliyepokea haulizi. Siku ikifika, aliyepokea humrudisha ng'ombe mwenyewe, bila kukumbushwa. Anayekumbusha ni sawa na mtu anayehesabu matone kinywani mwa mtoto wa mwenzake, na hakuna aibu inayoipita hiyo.

Mokami aliyashika maneno hayo. Wanawe walipokuwa wakubwa wa kutosha, alimrudisha ng'ombe pamoja na mitamba wawili na dume mmoja waliozaliwa katika miaka ile. Waisiko aliwakagua wote polepole, akamtenga mtamba mmoja, akamkabidhi Mokami kamba yake. Basi uzao wa mtamba yule ukaendelea kizazi baada ya kizazi hadi kufikia Tabora, ng'ombe mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Aliitwa hivyo kwa kuwa alizaliwa wiki ileile mumewe Mokami aliporudi kutoka Tabora, alikokuwa amekwenda kufanya kazi katika mashamba ya tumbaku. Ulikuwa mwaka wa mwisho wa uhai wa mumewe. Ndugu wengine wa ng'ombe huyo waliondoka kwa mahari, kwa karo na kwa maradhi. Tabora alibaki peke yake.

Wageni walifika mwezi wa pili. Molefi alikuwa mtu wa Lesotho, nchi ndogo ya milima na baridi huko kusini, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha wachimbaji wa mgodi ulio karibu namna ya kuishikiza miamba kwa vyuma ili isiwaangukie chini ya ardhi. Vyumba vya kampuni iliyomleta vilikuwa vya wanaume waliokuja peke yao. Yeye alikuja na mkewe Puleng, na binti yao Lineo wa miaka sita, na mtoto mchanga wa kiume, Thato, mwenye miezi mitano. Kwa hiyo alipanga nyumba ya bati iliyoachwa na mwalimu aliyehamishwa, ng'ambo ya ua wa minyaa wa Mokami.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Puleng aliketi mlangoni tangu asubuhi, blanketi zito begani, akiitazama njia kama mtu anayesubiri gari. Alijua neno moja tu la Kiswahili, "asante", na alilitumia kwa wote, hata kwa mbwa wa jirani aliyekuja kunusa viatu. Lineo alikwenda shule siku moja, watoto wakamzunguka ili waziguse nywele zake, naye akakataa kurudi. Thato alilia. Alilia asubuhi, akalia mchana, na sauti yake ilipita kwenye ua wa minyaa hadi jikoni kwa Mokami. Mokami alikitambua kilio kile. Hakikuwa cha homa wala cha tumbo. Kilikuwa kilio cha mtoto ambaye maziwa ya mama yake yamekauka safarini, na maziwa ya kopo hayamkai.

Jumapili ya pili Mokami alimfungua Tabora, ambaye alikuwa na ndama jike wa wiki tatu, akawapitisha wote wawili kwenye njia ya kwa wageni. Molefi alikuwapo nyumbani. Alivua kofia. Alimzunguka ng'ombe mara moja, akampitisha mkono mgongoni, akainama kutazama chuchu, kisha akaipokea kamba kwa mikono miwili na kusimama kimya kabisa.

"Mtoto asilie," alisema Mokami.

"Asante," alisema Puleng kutoka mlangoni.

Mokami alirudi nyumbani, na tangu siku hiyo akaanza kunywa chai ya rangi.

Winfrida, dada wa marehemu mumewe, anayeishi nyumba ya tatu kutoka hapo na asiyeacha jambo lipite bila kuliuliza, alifika kabla ya jioni.

"Amesemaje huyo bwana?"

"Hakusema kitu."

"Hakuuliza umempa kwa ajili gani?"

"Hakuuliza."

"Mbele ya shahidi gani?"

"Shahidi wa nini, wifi? Jambo hili linajulikana."

"Linajulikana na sisi," alisema Winfrida. "Yule ametoka kwao. Wewe umemgawia mtu kitoweo."

Mokami aliendelea kuchambua maharage.

Miezi iliyofuata ilimpa haki ya kunyamaza. Thato alianza kunywa uji wa maziwa, akanyamaza, akanenepa hadi mikono yake ikawa na mikunjo. Molefi alikamua mwenyewe alfajiri kabla ya kwenda kazini, huku akiimba wimbo wa kwao kwa sauti nzito, na wanawake waliokwenda kuchota maji walicheka kumwona mwanamume mwenye mshahara amechuchumaa chini ya ng'ombe. Kila alasiri Puleng alivuka ua, Thato mgongoni ndani ya blanketi, akaketi jikoni kwa Mokami kujifunza majina ya vitu. Alionja maziwa ya mgando kwa ugali, akafumba macho, akasema kwamba kwao pia huliwa hivyo hivyo. Siku ile ndipo Mokami alipomwona anacheka kwa mara ya kwanza. Lineo naye alirudi shule. Kufikia mwezi wa saba alikuwa akiwafokea mbuzi wa watu kwa Kikurya safi, naye alimwita Mokami *nkhono*, ambalo kwa lugha ya kwao ni bibi. Wala Puleng hakuitazama tena njia.

Wakati huo wote Mokami hakutazama hata mara moja upande wa nyuma wa nyumba ile, alikofungwa Tabora.

Jumatatu moja ya mwezi wa nane alikuwa kwenye mashine ya kusaga, debe lake la mahindi likiwa limeshamiminwa, alipoingia Deus, mwenye bucha pale senta.

"Shikamoo, Mama Waitara."

"Marahaba, Deus. Habari za nyama?"

"Nzuri. Jumamosi tutaonana kwa wageni wako. Nimeitwa."

"Umeitiwa nini?"

"Mtoto anabatizwa Jumapili, na karamu inaanza siku moja kabla. Mgeni ameniambia nije Jumamosi asubuhi na kisu kikubwa, tena nije na kamba. Sasa, mama, kuku hachinjwi kwa kamba."

Mokami alingoja mashine ipunguze kelele. "Wana mifugo gani pale?"

"Mifugo?" Deus alicheka. "Jana nilipita. Nimeona ng'ombe mmoja na ndama wake. Hesabu mwenyewe. Tena amenona yule. Mafuta yake yatakuwa hivi." Akaonyesha kwa vidole viwili.

Mokami alifika nyumbani akiwa mikono mitupu. Debe la unga alikuwa amelisahau mashineni.

Winfrida alipopata habari, naye aliipata upesi kuliko Mokami alivyotarajia, alikuja akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Nenda ukamwambie."

"Nimwambie nini?"

"'Huyo ng'ombe ni wangu.' Maneno manne. Hata wewe unaweza kuyasema."

"Waisiko alikaa miaka tisa bila kuniambia hayo maneno manne."

"Waisiko amekufa, wifi. Tabora yuko hai. Mpaka Jumamosi."

Mokami hakulala vizuri, na kulipokucha alikuwa amepata njia yake. Alimkamata jogoo mwekundu, akamfunga miguu, akaenda naye kwa wageni. Safari hii aliruhusu macho yake yafike nyuma ya nyumba. Tabora alikuwa amefungwa kivulini. Hakupelekwa malishoni, ingawa nyasi zilikuwapo. Mbele yake palikuwa na rundo la majani ya viazi vitamu na beseni la pumba, na ngozi yake iling'aa kana kwamba imepigwa brashi.

"Shikamoo, Bibi," alisema Puleng.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia kuna ubatizo. Nimeleta jogoo."

Puleng alimpokea jogoo kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo.

"Ng'ombe wa namna hii," alisema Mokami, akielekeza kidevu nyuma ya nyumba, "hukamuliwa hata miaka kumi na miwili. Ni hasara kumkatisha."

"Ndiyo, Bibi. Ni ng'ombe mzuri sana. Jumamosi kila mtu atamwona."

"Jumamosi?"

"Jumamosi. Wewe uje mapema. Kabla ya watu wote." Puleng alisita, akitafuta maneno. "Bibi, hapa kwenu, mnyama akichinjwa, mtu wa heshima hupewa nyama gani?"

Mokami alitupa jicho tena nyuma ya nyumba. "Inategemea ni mnyama gani."

Puleng alicheka, akaweka kidole mdomoni. "Mnyama ni siri ya Baba Lineo."

Jumatano Mokami alipeleka jogoo wa pili. Alieleza kwamba mchuzi wa kuku ndio unaowafaa wazee wasio na meno, na kwamba mtu akiwa na kuku wawili hana haja ya kujisumbua na mnyama mwingine. Puleng alishukuru kuliko jana. Nyuma ya nyumba beseni la pumba lilikuwa limejazwa upya.

Alhamisi Mokami alimtoa beberu wake, aliyekuwa amemtunza kwa ajili ya Krismasi.

"Huyu anatosha ubatizo mzima," alisema, akiitia kamba mkononi mwa Puleng. "Hata askofu akija."

Puleng alipiga goti. Machozi yalimlengalenga, akamwita Lineo aje kuona. Lineo alimzunguka beberu, akamvuta ndevu, akauliza, "Nkhono, na huyu pia tutamla?"

"Huyo ndiyo," alisema Mokami. "Huyo hasa."

Lakini lile neno "pia" lilimfuata njia nzima hadi nyumbani.

Winfrida alikuwa amesimama kwenye kona ya ua, mikono kiunoni. "Umetoa ng'ombe. Umetoa majogoo wawili. Leo beberu. Umebakiwa na paka. Kesho unampeleka?"

"Paka haliwi."

"Kwa mwendo huu atajitoa mwenyewe."

Ijumaa Mokami hakwenda popote. Alishika jembe akaingia kwenye matuta ya viazi, akachimba hadi jua lilipokuwa utosini. Alimfikiria Tabora, na asubuhi ile mumewe alipotua begi la safari na kwenda moja kwa moja zizini, akiwa bado na vumbi la Tabora kwenye viatu, kumtazama ndama mwenye doa. Hilo lilimuuma. Jingine lilimuuma zaidi. Jumamosi angeletewa sahani ya nyama ile, kwa mikono miwili na goti, na angelazimika kuila. Kisha Jumatatu Puleng angevuka ua kama kawaida, na yeye Mokami asingeweza kumtazama usoni. Wala Lineo asingekuwa na mtu wa kumwita nkhono. Kwa kukaa kimya angepoteza ng'ombe na majirani pamoja. Kwa kusema angemwokoa ng'ombe, lakini angekuwa amehesabu matone kinywani mwa Thato. Alilipindua jambo hilo pande zote kama mtu anayetafuta mpini wa chungu kisicho na mpini. Mwishowe alisafisha jembe lake, akanawa, akaketi.

Jumamosi aliamka, akavaa kitenge chake cha kanisani, akaondoka jua likichomoza. Hakuchukua kitu mkononi.

Deus alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa ameketi kwenye gogo, kamba mpya ya katani miguuni pake, akinoa kisu polepole juu ya jiwe. Kabla Mokami hajamsalimu, Molefi alitokea nyuma ya nyumba akiwa amevaa blanketi lake zuri la sikukuu na kofia. Alikuwa anamwongoza Tabora. Ng'ombe ameoshwa, na kwenye pembe moja amefungwa kitambaa chekundu. Ndama wake, ambaye sasa alikuwa na miezi sita, alimfuata.

Mokami alisimama katikati ya uwanja.

"Baba Lineo," alisema. "Huyo ng'ombe ni wangu."

Kisu cha Deus kilinyamaza juu ya jiwe. Puleng, aliyekuwa amejitokeza mlangoni, aliganda pale pale na Thato kiunoni. Mokami alisikia joto la aibu likimpanda kutoka shingoni hadi masikioni. Maneno manne yale yalikuwa yametoka, na hayakuwa na njia ya kurudi.

Molefi alivua kofia.

"Najua, Bibi," alisema.

Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, kila neno limewekwa mahali pake kama jiwe la msingi. "Ng'ombe ni wako. Ndama ni wako. Maziwa ni ya Thato. Ndivyo?"

"Ndivyo," alisema Mokami. "Nani alikwambia?"

"Hakuna. Kijijini kwetu ni hivyo hivyo. Baba yangu alitunza ng'ombe wa mzee mmoja wa bonde la pili miaka kumi na moja. Mzee hakusema neno. Baba hakuuliza neno. Ila mara moja kwa mwaka alimwosha, akampeleka kwa mwenyewe: huyu hapa, mzima, tazama. Leo nilitaka kumleta kwako, kabla watu hawajafika. Umenitangulia."

Mokami alitazama kitambaa chekundu, kisha kisu. "Na huyu Deus?"

Molefi alipiga mluzi. Kwenye banda la kuni Lineo alifungua mlango, na kondoo wawili wanene wakatoka, wakishangaa mwanga.

"Wameletwa jana jioni kutoka Busawe," alisema Molefi. "Kwetu mtoto hafanyiwi sherehe bila kondoo. Nilitaka kuwashangaza watu."

Mokami alimgeukia Deus polepole. "Deus. Umenitembeza wiki nzima."

"Mimi, mama?" Deus alijipiga kifuani kwa mpini wa kisu. "Mimi nilikwambia uhesabu mwenyewe. Siku ile kondoo walikuwa hawajafika kwenye hesabu."

"Bibi," alisema Molefi, na sasa pembe za mdomo wake zilikuwa zinacheza. "Kuku wa kwanza, nilisema, bibi huyu ana upendo. Kuku wa pili, nilisema, ana upendo mwingi. Beberu alipofika, nilimwambia Mama Lineo: bibi huyu anaogopa kitu."

"Na hukuniambia?"

"Ningesemaje? Anayepokea hasemi mpaka siku ya kumwonyesha ng'ombe kwa mwenyewe. Ungeniona sina adabu."

Mokami alimtazama. Basi miezi sita yote, upande huu wa minyaa na upande ule, watu wazima wawili walikuwa wameshika ukimya uleule, kwa heshima ileile, na kila mmoja akimdhania mwenzake kuwa hajui. Alidhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akaketi kwenye gogo kando ya Deus, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Puleng alicheka kwa sababu Mokami anacheka. Deus alicheka kwa sababu amesamehewa. Hata Thato alipiga makofi.

Alipopata pumzi, Mokami aliinuka akamkagua ng'ombe wake. Hakufanya haraka, maana sasa ilikuwa haki yake. Alitazama meno, akainua kwato moja moja, akaminya chuchu, akachungulia nyuma ya masikio. Pale alimwona kupe mmoja. Alimng'oa, akamwonyesha Molefi kati ya vidole viwili bila kusema kitu.

Molefi aliinamisha kichwa. "Mmoja, Bibi."

"Mmoja leo," alisema Mokami, akamkanyaga kupe. Kisha akampiga Tabora kofi jepesi ubavuni, na Molefi, ambaye alikuwa ameanza kumfahamu, alijua kwamba amesifiwa.

Puleng alileta kikombe cha maziwa ya mgando. Yalikuwa maziwa ya Tabora, ya kwanza ambayo Mokami aliyaonja tangu mwezi wa pili. Aliyanywa yote kwa kituo.

"Bibi, hujanijibu," alisema Puleng. "Mtu wa heshima hupewa nyama gani?"

"Hupewa anayoipenda. Mimi napenda mbavu."

Hapo Molefi aliirudia sauti yake ya mambo mazito. Alisema kwamba kampuni imemwomba abaki miaka miwili mingine, na kwamba yeye hakujibu, alimwachia mkewe ajibu. Puleng aliwaza siku tatu, akasema ndiyo. "Ndiyo maana ilikuwa lazima umwone leo," alimaliza. "Mtoto sasa ana nguvu. Kama unataka kumrudisha nyumbani, kamba hii hapa. Kama unaona bado, utasema wewe."

Akainyoosha kamba. Mokami aliipokea. Ilikuwa kamba nzuri, iliyosokotwa na mtu anayejua. Aliishika kwa muda, akimtazama Puleng, yule aliyekuwa akiketi mlangoni na blanketi lake kama mtu aliyekosa gari. Alikumbuka nyumba alikoolewa, na mto uliokuwa kati yake na kwao, na bibi mmoja aliyefunga ng'ombe kwenye nguzo na kwenda zake. Kisha akaiweka kamba mkononi mwa Puleng, akavikunja vidole vyake juu yake.

"Mtoto asilie," alisema.

Jua lilipokuwa limepanda, Deus alianza kazi yake kwa kondoo, na Lineo akapewa kazi ya kumfungulia beberu. Molefi alikuwa amesisitiza beberu arudi kwa Mokami. Mokami hakubishana sana.

"Nilimtoa kwa woga," alimweleza Puleng. "Si vizuri kubatiza mtoto kwa nyama ya woga. Majogoo waacheni, wao nilikuwa nimekwisha kuchoka na kelele zao."

Winfrida alikuwa njiani, akija mapema ili asipitwe. Alimwona wifi yake anarudi na beberu, Lineo akimsukuma kwa nyuma.

"Amerudi?" aliuliza.

"Amerudi."

"Na Tabora?"

"Yuko kwao."

Winfrida alimchunguza usoni, akaona kinachostahili kuonwa, na kwa mara moja maishani hakuuliza kwa nini. Alikwenda hatua kama kumi, ndipo akageuka.

"Wifi, yule wa mashine ananiuliza kila siku. Unga wako unausaga mara ya pili, au utakwenda kuuchukua?"

Mokami alisimama. Tangu Jumatatu alikuwa akila viazi bila kujiuliza kwa nini. Alimfunga beberu kwenye nguzo ya ua wake, akamshika Lineo mkono, na wote wawili wakashika njia ya senta kufuata debe la unga, wakitembea bila haraka yoyote.